Presha Mbili za Mama

Mama yangu alikuwa na presha mbili: ile niliyompima mie na ile aliyopimwa na nesi mgeni. Yangu ilikuwa juu. Ya huyo nesi mwenzangu ilikuwa nzuri, imetulia, presha ya mtu asiye na shida duniani. Na mie ndiye aliyenizaa, mie ndiye ninayekaa naye nyumba moja hapa Temeke, mie ndiye ninayempikia. Sasa niambie kama wewe usingeona wivu.

Huyo nesi alihamishiwa zahanati yetu akitokea bara. Mdogo kwangu kwa umri, mwembamba, ana lafudhi ile ya kuyakanyaga maneno taratibu. Hakuwa na baya lolote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mvivu au mwenye mdomo mchafu ningemchukia kwa raha zangu. Haukupita muda wagonjwa wakaanza kumuulizia mlangoni, "Yule sista mpole yupo?" na mie nimesimama palepale na gauni langu jeupe nililolipiga pasi vizuri. Sista mpole. Kwa hiyo mie nilikuwa sista nani? Nilikuwa nawaonyesha kwa kidole alipo, sura nimeikunja, halafu naenda kupanga chupa za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Na mie kazi naijua. Mgonjwa akiingia, kabla daktari hajamwona, sie tunaanza na joto lake, mapigo ya moyo, pumzi na presha, na kwa hayo tunajua nani anaweza kusubiri kwenye benchi na nani hawezi. Pumzi zinahesabiwa kwa ujanja. Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, hapohapo anaanza kupumua kama anayepanda ngazi. Kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono, unajifanya bado uko kwenye mapigo, kumbe macho yako yako kifuani kwake. Wanafunzi wa uuguzi wakiletwa kwetu, mie ndiye ninayewafundisha hilo. Presha nilikuwaga napima kwa mashine ya kubonyeza kipira na masikio yangu mwenyewe, ile ya betri sikuiamini. Sikuwa mtu wa kubahatisha, na kila mtu pale alijua hivyo.

Mama naye si mtu wa kutishika. Miaka na miaka amepika wali na samaki Kurasini, akiwauzia madereva wa malori na wabeba mizigo wa bandarini, na hakuna mwanamume aliyekula pale akaondoka bila kumaliza deni lake. Magoti yalipochoka ndipo akakaa nyumbani, na presha ikamkuta nyumbani. Siku za kliniki alikuwa anakuja zahanati kwetu. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba ndugu yako humpimi wewe, anapimwa na mwenzako. Mwenzangu akawa ndiye huyo.

Basi jioni nikirudi, mama yuko barazani anamenya vitunguu na habari moja tu mdomoni.

"Yule mtoto ana mkono mwepesi," ananiambia. "Kanipima, wala sikusikia kitu. Kasema mia na thelathini na ushee. Kasema niendelee hivyohivyo."

"Kasema."

"Kasema. Na kaniita mama, si bibi."

Nikaingia ndani nikachukua mashine yangu. "Lete mkono."

"Si nimeshapimwa, mwanangu?"

"Lete mkono, mama."

Nikamfunga kitambaa cha mashine palepale barazani, nabonyeza kipira huku namuuliza: leo umekula nini, dawa umemeza saa ngapi, na zile embe mbichi jikoni nani kala na chumvi na pilipili? Mama akawa anajibu, anajitetea, anaapa wallahi zile embe ni za mtoto wa jirani. Nikasikiliza. Mia na sabini na zaidi. Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Ileile.

Sitaficha, nilifurahi. Si kwamba mama ana presha kubwa, hapana, hilo lilinitia hofu. Nilifurahi kwamba sista mpole kakosea. Nikaanza kujiambia kwamba hapimi kabisa, anamshika mtu mkono, anampigia stori, anabuni namba nzuri ili apendwe. Nilitamani nimshike ugoni.

Nikaenda kwa daktari wetu na namba zangu. Akauliza nani kapima. Nikasema mie mwenyewe, nyumbani, si mara moja. Daktari ananiamini, tumefanya kazi pamoja miaka mingi, akamwongezea mama kidonge kingine. Nilitoka mle chumbani kifua mbele. Nikampita mwenzangu kwenye korido, akaniamkia kama kawaida yake, nikamwitikia kwa pua.

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa alasiri, nilikuwa uani naanika nguo, mama yuko chumbani anaswali. Nikasikia kishindo. Nilimkuta chini, nusu kwenye mswala, nusu sakafuni, mkono mmoja ameulalia. Alisema aliinuka kutoka kwenye sijda, dunia ikazunguka, ikazima. Midomo ilikuwa imempauka. Nilisahau kila nilichosomea. Nikamfunga kanga, nikamwita jirani, tukampakia kwenye bajaji.

Na zamu ya nani? Ya nani tena.

Hakuuliza maneno mengi. Alimlaza, akampima akiwa amelala. Kisha akamsimamisha taratibu, mie nikimshikilia upande wa pili, akampima tena amesimama. Akiwa amelala presha ilikuwa chini. Aliposimama iliporomoka hata mie nilipatwa na kizunguzungu. Mkono haukuvunjika, ulivimba tu.

"Dada," akaniambia kwa sauti ndogo, "dawa zimemzidi mama."

"Presha yake ni mia na sabini. Nimempima mwenyewe."

"Sijakataa, dada."

Ningependa angekataa. Ningependa anijibu vibaya hata neno moja, nipate pa kushikia. Yeye akaenda kumletea mama maji ya kunywa.

Daktari akakifuta kile kidonge. Mama alipopata nafuu, daktari akatuita wote watatu chumbani kwake, akasema anataka kuona kwa macho yake, mashine moja, kiti kimoja. Akaanza mwenzangu. Akamwamkia mama kwanza, salamu zote wakazimaliza, za nyumbani, za usingizi, za mkono. Ndipo akamkalisha vizuri, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, miguu imetua chini. Kisha akakaa. Akakaa tu, kimya, na mama naye kimya, hadi mie nikaanza kuhangaika kwenye kiti changu. Ndipo akapima. Mia na thelathini na mbili.

Ikaja zamu yangu. Nilisimama, nikachukua kitambaa, na wallahi sikujua kama nasema, mdomo ulijiendea wenyewe: "Mama, asubuhi dawa umemeza?" Mama akaanza kujibu. Mia na sitini na nane. Daktari akachukua mashine akapima mwenyewe, mie bado nimesimama palepale. Karibu ileile.

"Mama," daktari akasema, "kuna nini hapa?"

Mama akanitazama, akaitazama mikono yake. "Huyu mwanangu nampenda, daktari. Hata chakula sili mpaka arudi. Ila akinifunga hicho kitambaa naona napelekwa jela ya Ukonga."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mwenzangu hakucheka. Aliinamisha uso, na kule kutocheka kwake kuliniuma kuliko kicheko chote cha daktari, kwa sababu alinionea huruma, na huruma yake ndiyo kitu cha mwisho nilichokuwa nakitaka kwake.

Namba zangu hazikuwa za uongo. Masikio yangu hayakukosea hata siku moja. Presha ya mama ilikuwa inapanda kweli, ila niliyekuwa naipandisha ni mie, na nilikuwa nainunulia dawa. Ninafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa akijua unahesabu pumzi anabadilika, halafu mama yangu mwenyewe nilikuwa namwendea na mashine kama naenda kumfumania.

Daktari akatoa uamuzi: mama apimwe na sista mpole, si na mie, na mie nisiwepo hata chumbani. Nilikubali shingo upande.

Kliniki iliyofuata nikakaa kwenye benchi nje ya pazia, pamoja na wagonjwa wangu wenyewe. Nilisikia salamu zao, za nyumbani, za usingizi. Halafu kimya. Nimewahi kuonea wivu nguo, ndoa za watu, hata nywele, lakini siku ile niliuonea wivu ukimya. Nyumbani kwetu mie na mama hatujawahi kukaa namna ile, kila mara kuna ninachomuuliza. Nikajiona nimebana pumzi nisije nikasikika. Mwishowe nikasikia namba, na ilikuwa nzuri, na nilishukuru Mungu, na iliniuma, yote kwa pamoja.

"Haya, mwanangu," nikamsikia mama akimwambia yule, "sasa kamwite mwanangu aingie."

Mwenzangu akafungua pazia, akanipisha. Mashine ilikuwa imeshafungwa, imewekwa kabatini. Mama alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka, na nikamwinua taratibu kama inavyotakiwa, kwanza akae ukingoni, kisha asimame. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye kifundo cha mkono wake, mahali vilipozoea. Mapigo yalikuwa yamelala. Halafu mama akaniangalia usoni, akaona nayasikiliza, na chini ya vidole vyangu yakaanza kukimbia.

Sikumuuliza kitu. Nikavishusha vidole hadi kwenye kiganja chake, nikakishika, tukatoka hivyo hadi barabarani.