Siku Niliyochora Ngome ya Majirani

Hii aibu huwa siisimulii nikiwa na njaa, lakini wacha niseme tu: mimi, fundi Mutua, mchoraji wa mabango hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, niliwaita wageni wezi mbele ya shule nzima, na nikawaonyesha kwa kidole.

Shule moja ndogo ya Gatwekera, kule Kibera, ilikuwa inangoja wageni kutoka mji fulani wa Ulaya, mji wa zile enzi za wafalme na mapanga, uko kando ya mto, na huo mto ndio mpaka wa nchi mbili. Mwalimu mkuu, Madam Akinyi, akanitumia picha kwa simu. "Fundi, chora mji wao kwa ukuta wa geti. Wakipenda, shule yote utapaka wewe." Shule yote, mnasikia. Mimi nilikuwa nimemaliza mwezi nikiandika "Usikojoe hapa" (na watu wanakojoa hapo hapo), kwa hivyo hiyo kazi niliitaka kuliko chakula.

Sasa kwa picha kulikuwa na ngome mbili za mawe, moja huku, moja ng'ambo, mto katikati, na ukuta wa kuchora ni mfupi. Ningepiga simu niulize yao ni gani, lakini nikajiambia fundi wa kuuliza-uliza ni fundi gani, nikachagua ile ya ng'ambo kwa sababu ilikuwa na mnara mrefu, ile ingine ilitokea kwa kona ya picha tu. Nikaichora mpaka bendera, na mto chini yake.

Siku ikafika, shuka likatolewa kwa ukuta, watoto wakapiga makofi, wageni wakatazamana. Nikadhani wamefurahi mpaka wamekosa maneno. Madam akasema, "Fundi, tuelezee kidogo." Mtu na akili zake angesema asanteni akae, lakini mimi na hiki kiherehere changu nikaanza historia, ati mababu za hawa wageni walibeba mawe kwa mgongo wakajenga huu mnara, mlinzi akawa anashinda juu akiangalia maji, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na wezi, watu wabaya hao, mto ukipungua wanavuka wanachukua ng'ombe wa watu (hayo yote nilitoa wapi sijui, nadhani ni hadithi za babu yangu kule Machakos), Madam anatafsiri kwa Kizungu, nami nikanogewa, nikanyoosha kidole ng'ambo ya mto wangu, na ng'ambo ya mto wangu ndipo wageni walikuwa wameketi.

Mama mmoja mzee kati yao akainua mkono, akasema kitu polepole. Madam akanigeukia, sauti imeisha. "Fundi, anasema hiyo si ngome yao. Ni ya majirani, walipigana nao tangu enzi za mababu. Hao wezi wa ng'ambo ni wao."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona shule yote ikinitoka hivi hivi. Nikasema pole, naifuta leo, nikakimbilia kopo la rangi nyeupe, nikalifungua.

Yule mama akainuka, akaja mpaka kwa ukuta, akaweka kiganja kwa mnara, akaongea muda mrefu. Madam akatafsiri. "Anasema usiguse. Nyumba yake imeegemea ukuta wa ngome yao, kwa hivyo yao haioni. Lakini kila asubuhi akifungua dirisha la jikoni, hii ndiyo iko mbele yake. Anasema tangu atoke kwao, leo ndio ameona nyumbani." Akamsikiliza tena. "Na ng'ombe, anasema ni kweli, waliiba."

Shule ikaangua kicheko, wageni pia, nami nikasikia moyo umerudi kifuani, nikakaa. Nilikalia kopo, na lilikuwa wazi, na sikujali hata kidogo.

Kazi nilipata. Lakini siku hizi nauliza. Juzi mwenye bucha moja ya mtaa wa Satellite alitaka nimchoree ng'ombe, nikamuuliza wa nani, ametoka wapi, anaangalia upande gani, mpaka akaniambia, "Fundi, chora ama niite mwingine."