Mshonaji wa Sare za Walinzi

Nani kakwambia mpole hajui kushtaki? Mshonaji huyu huongea pini zikiwa midomoni, kiganja kikipapasa kitambaa kama paji la mtoto mgonjwa. Kampuni ya ulinzi ilichukua sare alizoishonea, haijamlipa, na mwenye chumba anatishia kuzuia vyerehani vyake kwa kodi anayomdai. Jana mpwa wake mwanasheria alimwambia, "Shangazi, barua ya madai wameipuuza. Umebaki usuluhishi, au kesi." Alitema pini moja moja. "Nimewabembeleza hadi ulimi umeota sugu. Kesi." Leo asubuhi mpwa alimkuta kwenye lango la mahakama, akimshonea kifungo mlinzi aliyevaa mojawapo ya sare zile. "Mama, umekuja kumwona nani?" mlinzi aliuliza. "Nimekuja kumshtaki bosi wako, mwanangu. Tulia, sindano isikuchome."