Kanuni ya Saba ya Nathan Lochakapong

Kwa miaka minne nilimwendesha Nathan Lochakapong kati ya Lodwar na Kakuma, na kama kuna mtu aliyezijua Kanuni Kumi za Nyumba Tulivu kumshinda yeye mwenyewe, basi ni mimi. Nilizisikia kila wiki nikiwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa semina zake, jua likinichoma mgongo. Ya kwanza: msikilize mwenzako. Ya tatu: toa taarifa mapema. Lakini aliyoipenda kama roho yake ni ya saba: familia hula meza moja, saa moja, bila simu. Akifika hapo alipiga meza kwa kiganja, na akina mama wa kambi ya wakimbizi wakaandika kwenye vijitabu walivyogawiwa.

Mimi naitwa Adome. Sikusoma sana, ila macho ninayo, na mdomo pia ninao, ndiyo maana faili yangu ofisini ina barua mbili za onyo. Nasema hivi mapema ili msije mkasema namsengenya mtu. Yote haya nilishamwambia usoni.

Nathan hakuwa mtu mbaya. Hakulewa, hakupiga mtu, hakuwa na nyumba ndogo popote. Alizaliwa kwenye mifugo kama sisi wengine, akasomea Kitale, akarudi na diploma ya ushauri nasaha na mashati meupe matano ambayo hata vumbi la Kakuma liliyaogopa. Wanandoa waliokuwa wakirushiana sufuria aliwapatanisha kwa asubuhi moja. Kosa lake lilikuwa dogo tu: nyumbani kwake hakuwepo.

Nyumbani ni Kanamkemer, hapa Lodwar. Mkewe, Nakiru, ni binti wa Katilu, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Wana watoto wawili, Ekai na Akiru. Siku Nathan alipoanza kazi ya semina alinunua meza ya mbao ya watu wanne, tukaibeba juu ya gari la shirika kinyume cha sheria, kwa heshima ya kanuni ya saba. Watu watatu waliizoea. Kiti cha nne kilikuwa cha kuanikia sare za shule.

Haikuwa kwamba Nakiru hapiki. Nilikuwa nikimshusha mzee mlangoni mwake Ijumaa jioni, hotipoti iko mezani, watoto wamenawa mikono. Nathan anaingia na simu sikioni, anawapungia kama mgombea kura, anasema, "Nyinyi kuleni tu, mimi nimeshiba, tulikuwa na chakula cha semina." Halafu anakwenda uani kumalizia ripoti ya jinsi familia za Kakuma zinavyojifunza kula pamoja. Mganga hajigangi, tunasema. Huyu hata kujua kwamba anaumwa hakujua.

Mwaka 2013, baada ya uchaguzi, kaunti zikiwa changa na kila mtu Turkana akitafuta cheo, habari zilikuja kwamba wafadhili wanatoka Nairobi kuona matunda ya semina. Wakifurahi, Nathan atakuwa mratibu wa kaunti nzima. Jumatano asubuhi nikaenda kumchukua. Nakiru akatoka hadi kwenye gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ejok, Adome."

"Ejok, mama Ekai."

Akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Baba Ekai, Jumamosi saa saba mimi napika. Nataka ukae kwa kiti yako, ukule na watoto. Mara moja tu. Ukikosa, jioni hiyo mimi na watoto tuko Katilu kwa mama, na hatutarudi kwa sababu ya simu."

"Sawa sawa, mama Ekai," Nathan akasema akitafuta chaja yake. "Wageni wanakuja Ijumaa. Jumamosi mimi ni wenu."

Nakiru akanitazama mimi, sio yeye. Nikaelewa kwamba nimefanywa shahidi, na moyo ukanishuka, kwa sababu nilimjua mtu wangu.

Kakuma, Nathan alikuwa ameshachagua familia ya mfano. Hapo sikumlaumu, maana alichagua vizuri. Duop alikuwa fundi baiskeli, Mnuer mrefu wa Sudan Kusini mwenye alama za mistari kwenye paji la uso. Mkewe Nyakong aliuza chai na mandazi. Nyumba ya pili, hatua ishirini tu kutoka kwao, aliishi Nyaduoth, mama yake Nyakong. Mtaa mzima ulisema mle hamjawahi kusikika kelele. Chakula kikiiva, sahani ya kwanza Duop aliituma kwa mama mkwe. Yeye alikula upande wake, nyuma ya banda la baiskeli, na mama mkwe hakuwahi kumwona akitafuna hata punje ya mtama. Wakikutana njiani, Duop alipisha, akainamisha kichwa. Hiyo ndiyo heshima yao, na ilikuwa imewaweka kwa amani tangu walipotoka kwao wakikimbia vita.

Nathan akaona kasoro moja tu. Hawali meza moja.

"Siku ya wageni mtakaa wote watatu," akawaambia. "Duop, mke, na mama. Chakula katikati. Picha itakwenda mpaka Ulaya."

Nyakong akaacha kukoroga chai. "Mwalimu, hiyo hapana. Mume yangu hawezi kula mbele ya mama. Ni aibu kubwa sana."

"Hizo ndizo mila zinazotenga familia," Nathan akajibu kwa upole ule wa semina, ule unaokufanya utamani kumrushia kiatu.

Nikaingilia. "Bosi, hata sisi Waturkana mama mkwe hatumkaribii ovyo. Mama mkwe wako ulikula naye lini?"

"Adome, umekagua mafuta ya gari?"

Nikaenda kukagua mafuta ya gari.

Mtasema, kwa nini Duop hakukataa? Hamjaishi kambini. Mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha ya shirika hili na lile hujifunza kuitikia kwanza, halafu kuwaza baadaye. Duop aliitikia. Lakini siku mbili zile alitengeneza baiskeli akizikazia nati mpaka zikavunjika.

Ijumaa ndege ya wageni haikuja. Ikasogezwa mpaka Jumamosi, tena chakula saa saba. Saa saba ile ile. Nikamtazama Nathan, naye akatazama ratiba yake.

"Nakiru ataelewa," akasema. "Anazijua kanuni."

"Mpigie simu basi. Ya tatu inasema taarifa mapema."

"Nitampigia nikimaliza kupanga viti." Akapanga viti mpaka jioni. Jumamosi asubuhi akanipa simu yake. "Mpigie wewe, Adome. Mwambie kwa lugha nzuri."

Nilikataa. Hiyo ingekuwa barua ya tatu ya onyo na ningeipokea kwa furaha. Ujumbe wa mume kwa mke haupelekwi na dereva kama gunia la makaa.

Saa saba ukumbi ulijaa. Wageni watatu kwenye viti vya mbele, mpiga picha amepiga goti, na kwenye ubao Kanuni Kumi zimeandikwa kwa wino wa bluu. Meza ikapambwa kwa kitambaa na maua ya plastiki. Pilau, mbuzi wa kukaanga, soda. Nyaduoth aliletwa akiwa amevaa shuka yake safi, akidhani ni mkutano wa wazee. Alipoona kwamba Duop ameketishwa mkabala naye, sahani mbele yake, aligeuza uso ukutani. Duop naye alitazama magoti yake. Jasho lilimtiririka kwenye ile mistari ya paji la uso hadi kidevuni.

"Karibuni, familia," Nathan akasema kwa sauti ya kanuni ya saba. "Duop, kula. Usiogope. Hii ni nyumba yako."

Duop hakugusa. Nathan akacheka, akawaambia wageni kwamba ni haya tu ya mwanzo. Halafu akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujificha. Alichukua kipande cha nyama, akakiweka mkononi mwa Duop, akausukuma mkono ule kuelekea mdomoni, kama mtu anayemlisha mtoto dawa ya minyoo. Nyama ikagusa midomo. Kamera ikamulika.

Nyaduoth alitoa sauti moja, fupi. Akajifunika shuka kichwani kote, akainuka, akapapasa njia ya kutoka akigonga viti, na hakuna aliyethubutu kumshika. Duop aliiacha nyama ikaanguka, akatoka kwa mlango wa pili, ndala moja ikabaki chini ya meza. Wageni wakauliza kama hiyo ni sehemu ya onyesho.

Nyakong ndiye aliyebaki. Alitoka nje kumfuata mama yake, na baada ya muda akarudi, akasimama mbele ya Nathan. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake ilikuwa imara.

"Mwalimu, mume yangu hataingia kwa mama tena mpaka wazee wakae. Labda mwezi, labda mwaka. Nyumba yetu ilikuwa mzuri. Sasa mama yangu nauliza swali. Nasema nikuulize mbele ya hawa watu yako."

"Uliza, mama," Nathan akasema. Alikuwa bado ana mafuta ya nyama vidoleni.

"Mama nasema: leo, saa hii, bibi yako nakula na nani?"

Nathan akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

Tuliondoka kabla ya hotuba za shukrani. Njiani alimpigia Nakiru mara kumi na mbili, na mara zote simu ilikuwa imezimwa. Mimi niliendesha kwa kasi ambayo shirika haliruhusu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya watoto. Tulifika Kanamkemer kama saa kumi na moja. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo kwa jirani.

Ndani, meza ilikuwa imetandikwa. Sahani tatu zimetumika. Ya nne, mbele ya kile kiti, ilikuwa safi, kijiko kando, na sare za shule zilikuwa zimeondolewa kitini ili mtu akae. Nathan akakaa. Alikaa na shati lake jeupe, mikono juu ya meza. Nilitaka kumwambia nilikuambia, na kwa kweli maneno yalikuwa tayari ulimini, lakini nilimwonea huruma, nikanyamaza. Hilo nalo niandikiwe mahali.

Jumapili tukashika njia ya Katilu kwa gari la shirika, kinyume cha sheria kwa mara ya pili. Barabara ya kusini ilikuwa mashimo matupu. Lokichar, ambako mwaka uliotangulia mafuta yalikuwa yamegunduliwa, magari mapya yalitupita yakitumwagia vumbi. Kalemng'orok tulisimama kuongeza hewa kwenye gurudumu, kisha tukaendelea mpaka tukafika.

Nyumba ya wakwe zake iko karibu na mfereji wa maji ya Turkwel, shamba la mahindi nyuma. Watoto walimkimbilia, wakamkumbatia miguu. Nakiru alitoka akasimama mlangoni.

"Ejok, Adome. Ingia ndani, chakula tayari."

Nathan akapiga hatua kunifuata. Nakiru akanyoosha mkono kuelekea kibanda cha matete, nje kabisa, karibu na zizi la mbuzi. "Wewe hapo, baba Ekai. Mama yangu ako ndani, anakula. Huwezi kula mbele ya mama mkwe."

"Nakiru, sisi tunaweza kukaa wote, mimi na—"

"Ni aibu," akasema. "Unajua mila. Na wewe umezoea kula bila sisi."

Mimi si mkwe wa mtu pale, ni dereva. Nikaingia, nikanawa, nikakaa baina ya Ekai na Akiru, nikala pure ya mahindi na kunde kutoka sinia moja na Nakiru na mama yake. Nilishiba vizuri na kwa aibu. Watoto walinisimulia habari za mamba wa Turkwel, wakacheka mpaka maziwa yakamwagika. Kupitia ukuta wa matete niliweza kumwona Nathan ameketi kwenye kigoda, sahani magotini, kijiko kimesimama hewani kila kicheko kilipopita. Sijawahi kuona mtu akisikiliza namna ile. Kanuni ya kwanza, nikawaza, hatimaye imepata mwanafunzi.

Alipomaliza, hakuita mtu. Alikwenda mwenyewe mferejini, akakunja mikono ya shati jeupe, akaosha sahani yake. Halafu akarudi hadi mlangoni kuchukua vyombo vyetu. Nakiru alimwachia. Simu ya Nathan ililia mara mbili mfukoni. Aliitoa, akaizima, akaiweka kwenye kiti cha gari langu, upande wa abiria.

Jua likielekea kushuka nikawasha gari. "Bosi, twende. Kesho saa tatu una kikao na wageni. Cheo kile bado kinazungumzwa."

Akaketi tena kwenye kigoda chake karibu na zizi. "Nenda, Adome. Mimi nabaki hapa mpaka niitwe ndani."

"Na ofisini niseme uko wapi?"

Akautazama mlango wa nyumba, ambao kwake ulikuwa bado umefungwa.

"Waambie niko semina."