Nilitumwa kufungua kabati la kanisa, nikapata shangazi huko Rasbura

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Hii siyo chai, imenitokea mimi mwenyewe. Na waliotutenda nitawataja kwa majina, maana wao hawakutuonea aibu. Mwandiko mtanisamehe, nimeishia darasa la tatu, naandika kwa simu na kidole kimoja.

Mimi ni seremala, nakaa huku milimani nyuma ya Lindi. Miaka hamsini na kitu.

Baba yangu Yohana alipofariki nilikuwa mdogo. Baba zangu wadogo wawili, Longinus na Kosmas, wa mke wa pili wa babu, wakatangaza kuwa marehemu hakuwa wa ukoo wao. Eti aliokotwa Lindi mjini enzi za Mwingereza, babu Anselm akamlea kwa huruma tu. Kwa hiyo mikorosho siyo yetu.

Wakapanda juu wakaezua makuti, sisi tuko ndani, masika ndiyo imeanza. Mama hakumaliza mwezi, kifua kikamuua. Mimi nikaishia kibarua kwenye mashamba ya chumvi, miguu yangu mpaka leo ina mabaka.

Kosmas alishakufa. Mazikoni sikwenda, na sijutii.

Sasa mwaka huu binti yangu Edina kapata mchumba, kijana mzuri, fundi umeme. Mshenga wao akaniuliza barua ya posa wampelekee nani. Kwetu baba mzazi hapokei barua ya mwanawe, wanapokea watu wa ukoo wake.

Longinus naye kumbe kashawawahi. Kawaambia, "Yule hana kwao. Barua mtampa nani, mkorosho?"

Wazee wa kijana wakasema watasubiri wiki tatu. Wakikosa wa kupokea, wanatafuta kwingine. Edina hakulia mbele yangu, ila kula akaacha.

Wakati huohuo kigango chetu kinaandaa jubilei, kamati inatafuta historia ya kanisa. Kuna kabati sakristia, chumba cha padre kuvalia, lilivimba kwa mvua, halifunguki. Nikaitwa mimi na patasi yangu.

Mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu Restituta, mstaafu. Akaniambia, "Ukishafungua usikae bure, soma." Nikamwambia mimi kusoma ni wa kuunga silabi. "Basi unga!"

Ndani mchwa wamekula nusu. Kilichopona ni daftari la katekista wa kwanza, la enzi hizo za Mwingereza, kwa Kiswahili chetu kabisa. Nani kabatizwa, nani kaleta tofali, nani kagombana na padre kwa sababu ya pombe. Nikawa nacheka peke yangu.

Nikafika jina la babu.

Imeandikwa Anselm na mkewe Agnesi wamepata mtoto, Yohana. Mama kafa siku ya tatu. Ni mwaka wa njaa, wanawake wa hapa maziwa yamekauka. Anselm kamchukua mtoto, kashuka naye kwa miguu hadi Rasbura, pale Lindi mjini, kwa rafiki yake Selemani, Mwislamu, mchuuzi wa samaki wakavu, ambaye mkewe Mwanahawa ananyonyesha.

Chini yake kaandika kuwa padre alikasirika mtoto mbatizwa kulala kwa Waislamu. Katekista akamjibu kuwa mtoto amefuata maziwa, dini hajaulizwa bado.

Halafu kurasa nyingi mbele, mstari mmoja tu. Yohana wa Anselm amerudi kutoka Lindi, anatembea.

Wakuu, nilimwita Mwalimu asome yeye, nisije nikawa nimeunga vibaya. Alipomaliza akapiga kigelegele humo humo sakristia.

Kesho yake nikapanda basi la Lindi. Rasbura nikauliza kwa marehemu Selemani wa samaki wakavu, nikaelekezwa kwa bibi mmoja anachambua mchele barazani. Bi Zuhura, bintiye Mwanahawa. Ndiye aliyekuwa mchanga wakati ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Yohana, wa Mzee Anselm, wa mlimani."

Akaweka ungo chini. Nikajua sasa analia. Wapi!

"Hamna haya nyie! Mmemchukua ndugu yangu anatembea, hata salamu! Leo ndiyo unakuja, tena mikono mitupu! Na baba yako alikuwa mlafi, mama alisema titi la kulia hakuniachia hata tone!"

Ndipo akalia. Na mimi nikalia, mtu mzima, barazani kwa watu.

Nikamweleza habari ya Edina. Akanikata: "Na baba yako tumenyonya ziwa moja, mimi ni shangazi yako, unaniomba nini? Sema siku."

Siku ikafika. Bi Zuhura kaja na wanawe watatu wa kiume na kanzu zao, na buibui lake, akakaa katikati ya mkeka. Mwalimu Restituta alisoma daftari mbele ya wote. Longinus yupo, alikuja kuona nikiaibika. Akaanza, "Lakini huyu mama si wa..." Bi Zuhura hakumwacha amalize. "Wewe ndiye uliyeezua nyumba ya mwanangu? Kaa nyuma, hapa mbele pana watu."

Mshenga akapiga goti, barua kwa mikono miwili. Bi Zuhura akapokea. Hakuifungua kwanza, akamwita Edina, akamkalisha ubavuni kwake, akamwuliza kwa sauti wote wasikie: "Unamtaka huyu mwenye barua, mwanangu?"

Edina akasema namtaka, bibi.

Funzo langu ni dogo. Miaka yote nilidhani huko Lindi walikonisingizia ni tusi, sikuthubutu kwenda kuuliza. Kumbe ningekwenda mapema, ningekuwa na kwetu.

Longinus sijamsamehe, msinishauri hapo.

Ila kama parokiani kwenu kuna kabati halifunguki, leteni habari hapa tusikie. Na wewe mwenye ndugu wa ziwa moja, mlijuanaje?