Kijiko Kimoja cha Mwalimu Zefania

Enzi zetu hakuna aliyejengewa umoja kwa puto. Nasema hivi kwa sababu juzi nilimfuata binti yangu Neema kwenye programu yao ya michezo baada ya masomo, pale mjini, nikamkuta yeye na mwenzake wamebana puto kwa matumbo, wanatembea upande upande, kocha anawapigia makofi. Kila mtoto alikuwa na chupa yake ya maji yenye jina. Puto lilipopasuka, kocha akawaambia wamejitahidi sana. Kujitahidi! Sisi tungepasua kitu cha Mwalimu Zefania tungekimbia hadi Momela na tusingerudi. Nilicheka kwa sauti, Neema akanijia mbio: "Baba, usiniaibishe."

Mwalimu Zefania alikuwa mwalimu wa michezo wa shule yetu ya msingi, jirani na Tengeru. Alikuwa na kitambi, filimbi isiyolia, na timu aliyoipenda kuliko wanawe: sisi wanne wa mbio za kupokezana vijiti. Wa kwanza na wa pili walikuwa mapacha wa mwinjilisti, ambao mbio walijifunzia nyumbani wakiikimbia fimbo ya baba yao. Wa tatu mimi. Wa mwisho alikuwa Elibariki, mwembamba, mpole, mwenye mbio kutuzidi wote. Kijiti hatukuwa nacho, tulitumia mwiko wa mke wa mwalimu, na siku za kupika ugali mazoezi yalisubiri.

Jioni, tukishazunguka uwanja mpaka vumbi linasagika menoni, tulinawa kwenye mfereji na kwenda kwa mwalimu. Pale tuliwekewa bakuli moja la loshoro, mahindi na ndizi vilivyopondwa na maziwa mgando, na kijiko kimoja. Watu wanne, kijiko kimoja. Unachota mara moja, unampa mwenzako.

"Asiyejua kutoa kijiko hatajua kutoa kijiti!" alinguruma mwalimu, yeye akila kwenye bakuli lake peke yake.

Mimi nilikuwa mlafi, sina haja ya kuficha. Nilichota mara mbili: ya kwanza kwa adabu, ya pili mwalimu akigeuka. Aliyenifuata ni Elibariki, na mara nyingi kijiko kilimfikia bakuli limekwisha. Hakuwahi kunisemea. Alikwangua pembeni, akalamba. Mama yangu alinijua zaidi. "Wewe," alisema, "siku ya kipaimara utamwomba mchungaji akuongezee mkate."

Yakaja mashindano ya shule zetu, uwanja wa Maji ya Chai. Tulikuwa darasa la saba. Baba yake Elibariki alishatangaza kwamba mtihani ukiisha, kijana anashika jembe, sekondari hana uwezo nayo. Lakini siku hiyo alikuja mwalimu wa sekondari moja kutafuta wakimbiaji wa kuwasomesha bure, na Mwalimu Zefania alimwambia: "Mwangalie yule wa mwisho." Sote tulijua tunamkimbilia nani.

Mapacha walikimbia kama wameiba kuku wa mwinjilisti. Nilipokea kijiti cha kweli kwa mara ya kwanza maishani, tukiwa mbele. Watu walishangilia, na walikuwa wananishangilia mimi! Nikamwona Elibariki ameanza kukimbia, mkono nyuma, kiganja wazi. Mbele yake kulikuwa na mstari wa majivu, na kijiti kilitakiwa kubadili mikono kabla ya hapo. Nami nikajiambia: kidogo tu, niongeze kidogo.

Nilimpa kijiti hatua nne baada ya mstari. Filimbi ya mwamuzi, tofauti na ya mwalimu wetu, ililia. Elibariki, mtoto mtiifu, akasimama palepale na kijiti mkononi. Mwalimu wa sekondari akamchukua mkimbiaji wa shule nyingine. Mwalimu Zefania hakunichapa, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Alisema tu, "Nilikuwa nakuona ukichota."

Ndiyo maana nawacheka watoto wa leo, halafu nawaonea wivu. Kila mmoja na chupa yake, nani atajua mlafi ni yupi? Lakini pia hakuna atakayemnyima mwenzake kitu.

Jumamosi nilimpitia Elibariki soko la Tengeru, anakouza nyanya za shamba lake. Nilimsimulia habari za puto, akacheka mpaka akashika meza. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, nikamwambia: "Elibariki, siku ile nilikukosea. Nisamehe."

Alimwita mama lishe. "Mama, tuletee loshoro. Bakuli moja, kijiko kimoja."

Akachota. Mimi nikanyoosha mkono. Akachota tena. Akachota ya tatu, ananitazama usoni, anatafuna taratibu. Nilikaa na kiganja wazi mpaka bakuli likakauka. Akakwangua pembeni, akalamba kijiko, akanishikisha.

"Haya," alisema, "kimbia."