Tikiti ya Wazee

Habari ililetwa Mashimoni, Kibera, na Lusweti, rafiki wa Sella na mumewe, Jumapili baada ya ibada, naye aliileta kwa sauti ya mtu aliyerithi shamba. Bustani ya michezo ya Tabasamu, iliyokuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake Kawangware, ilikuwa imebandika tangazo langoni: kila Jumatano, wazee wa miaka sitini na mitano na zaidi wangeingia kwa shilingi mia mbili badala ya mia sita, na tikiti hiyo ingetosha kila mchezo.

"Na chai je?" Sella aliuliza.

"Mama Isaac, wewe nawe! Umeonjeshwa asali tu, ushaanza kuchonga mzinga," Lusweti alimjibu.

Walicheka. Mume wa Sella, Nalianya, alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa chini. Alijua kwamba mkewe angemgeukia, na kweli akamgeukia.

"Baba Isaac, si ni huko kwenu? Si ni lile gurudumu lako?"

Lilikuwa gurudumu lake, ikiwa kitu kinaweza kuwa cha mtu aliyekitumikia bila kukikalia hata siku moja. Nalianya alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa miaka kumi na tisa aliajiriwa katika bustani hiyo kulitunza gurudumu kubwa la viti ishirini na vinne, lile linaloinua watu hadi juu ya miti na kuwashusha wakipiga mayowe. Kila asubuhi, kabla ya lango kufunguliwa, alilipanda kwa mikono akiwa na spana kiunoni na kopo la grisi shingoni, kiti hadi kiti, akikaza nati. Kisha alishuka, na watoto wa wenye pesa wakapanda.

Siku alipopata kazi ile, mwaka wa 1993, Sella alimwambia jambo moja tu: "Siku moja na mimi nipande." Nalianya akamwahidi. Kwanza ilikuwa Krismasi. Baadaye ikawa watoto wakimaliza shule. Baadaye tena ikawa atakapostaafu. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kuleta jamaa zao bure, bei kamili ilikuwa chakula cha siku tatu, naye hakuwa mtu wa kuomba. Alipoachishwa alipewa ovaroli mpya na kushikwa mkono. Miaka mingine kumi na mitatu ikapita. Sella aliendelea kuuza sukuma wiki kando ya reli, Laini Saba, hadi magoti yakakataa kunyooka. Sasa mwana wao Isaac alikuwa amemjengea chumba kijijini kwao, Kimilili, na Jumamosi ya wiki ile angepanda basi aende akae huko moja kwa moja. Jumatano iliyobaki ilikuwa moja.

"Tutaenda," Nalianya alisema.

Hakusema lililobaki.

Kwa Wabukusu, mwanamume haulizwi alizaliwa lini. Huulizwa alitahiriwa mwaka gani, na jibu lake ndilo umri wake, ndilo heshima yake, ndilo litakalotajwa siku ya kuzikwa kwake. Nalianya na Lusweti walitoka mtoni alfajiri moja ya Agosti, mwaka wa 1968, wamepakwa tope mwili mzima, wakasimama bega kwa bega mbele ya kisu kimoja bila kupepesa. Tangu siku hiyo waliitana bakoki, na bakoki ni zaidi ya ndugu. Ndugu hupewa na mama. Bakoki hupewa na damu yako mwenyewe.

Lakini kitambulisho cha Nalianya kilisema alizaliwa mwaka wa 1962.

Ilikuwa hivi. Bustani ilipotangaza kazi, ilitaka mafundi wasiozidi miaka thelathini na mitano. Nalianya alikuwa na thelathini na tisa, watoto wanne, na mwenye nyumba aliyekuwa ameanza kung'oa mlango. Akamtafuta mtu aliyemjua mtu, na baada ya wiki tatu akarudi na kitambulisho kipya kilichompunguzia miaka minane. Si yeye peke yake. Nairobi imejaa wanaume waliojizaa upya kwa ajili ya kibarua. Uongo ni uongo, hata ukiwalisha watoto, na hakuna anayepaswa kumtetea kwa hilo. Ila haki hiyohiyo inatutaka tumtaje na aliyeuweka uongo huo mlangoni ukamngoja: mwajiri aliyemtazama mtu wa miaka thelathini na tisa, mwenye mikono kama koleo, akamwona mzee wa kutupwa.

Sasa deni la uongo lilikuwa limeanza kulipwa. Lusweti alikuwa ameshaanza kupokea pesa za wazee kutoka serikalini. Nalianya, kwa mujibu wa karatasi, alikuwa na miaka saba ya kungoja, na ndiyo maana Sella alikuwa akirudi nyumbani peke yake na mumewe akibaki kuchomelea madirisha ya watu. Hata hivyo alijipa moyo. Alikuwa na nywele nyeupe kichwa kizima. Nani angeomba karatasi ya kuthibitisha theluji ile?

Jumatano walifika langoni saa nne, watatu, Sella akiwa amevaa gauni lake la kwaya. Msichana aliyekaa dirishani, beji yake ikisema Lavender, aliwapokea kwa uchangamfu, akiwaita bibi na babu kwa lugha ya mtaani.

"Karibu shosho! Karibuni maguka! Mmetoka kuhave fun leo, eeh? Naomba vipande."

Alikitazama kitambulisho cha Sella. "Shosho uko sawa." Akakitazama cha Lusweti. "Guka uko sawa kabisa." Akachukua cha Nalianya, akakisogeza kwenye mwanga, akakisoma mara ya pili.

"Guka, hii inasema ulizaliwa sitini na mbili. Uko na miaka sitini na tatu. Wewe bado."

"Bado nini?"

"Bado kuwa mzee. Ni mia sita."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeshikana. Mwanamume mmoja aliyebeba mtoto mabegani akaangua kicheko. "Sitini na tatu? Kwani hizo nywele zilitangulia kuzaliwa?"

"Na mama alizaliwa hamsini na nane," Lavender alisema akicheka naye, bila ubaya. "Shosho, kumbe ulijichukulia kijana!"

Sella akakaza kitambaa cha kichwa, macho chini. Walikuwa na mia nne na nauli.

Lusweti hakuweza kuvumilia. Alisogea dirishani, akaweka kiganja juu ya meza. "Msichana wangu, sikiliza. Karatasi hukosea. Huyu ni bakoki wangu. Tulikatwa siku moja, Agosti sitini na nane. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye hivyohivyo. Kisu kilikuwa kimoja! Sasa nitakuwaje mzee mimi, yeye awe kijana?"

"Guka, pole, lakini hapa sina mahali pa kuandika mlikatwa lini."

Zogo likamleta msimamizi wa lango, kijana wa tai nyekundu aliyeitwa Gichuru. Akasikiliza pande zote mbili. Akakipindua kitambulisho, akapiga hesabu kwa midomo.

"Sitini na nane huyu alikuwa na miaka sita. Kwenu mnatahiri watoto wa nasari?"

Foleni yote ikacheka. Gichuru hakucheka. Alimgeukia Nalianya, akapunguza sauti, na kule kupunguza sauti ndiko kulikotisha.

"Mzee, nikuulize mara moja tu. Hiki kitambulisho ni cha uongo? Kama ni cha uongo uniambie, niwaite askari waangalie kilipatikanaje. Kama ni cha kweli, tusipotezeane wakati."

Nalianya alitazama mlango uliokuwa nyuma ya msimamizi. Gurudumu lilikuwa likizunguka polepole, limepakwa rangi mpya. Laini ya simu yake ilisajiliwa kwa kitambulisho kile, na chumba chao pia, na hata mazishi yake yangelipiwa na chama kwa nambari ile. Mtu akisimama juu ya uongo kwa miaka thelathini na miwili, uongo huwa ndio sakafu. Angeweza kusema kweli. Mkewe alikuwa amesimama pale, na bakoki wake, na hakuna mahali bora zaidi pa kusemea kweli kuliko mbele ya watu wawili wanaoijua tayari. Akafungua kinywa.

"Ni cha kweli," alisema.

"Na huyu mzee mwenzako?"

"Amesahau. Umri umemwingia. Mimi nilikatwa baadaye. Sabini na sita."

Lusweti aliondoa kiganja mezani taratibu, kama mtu anayekitoa kwenye jiko.

"Sabini na sita," alisema.

"Bakoki, ngoja kwanza…"

"Usiniite hivyo. Mimi sina bakoki wa sabini na sita. Hao ni watoto wangu." Akachukua kitambulisho chake, akamwambia Sella, "Safari njema, Mama Isaac," akaondoka akielekea Kawangware bila kugeuka, na ile mia mbili yake bado ameikunja ndani ya ngumi.

Nalianya akamsukumia Sella noti. "Ingia wewe. Uingie, upande. Mimi nitakungoja hapa."

"Baba Isaac, turudi."

"Nimesema upande!"

Sella akaingia. Hakuwa mwanamke wa kubishana mbele za watu. Nalianya akasogea kwenye ua wa waya akamfuata kwa macho hadi magoti yake mabovu yalipompeleka nyuma ya vibanda vya bisi. Alijituliza kwa kusema kwamba angalau moja limefanyika. Alihesabu mizunguko ya gurudumu, akichungulia kila kiti kilichopanda, akitafuta gauni jeupe la kwaya. Viti vyote ishirini na vinne vilipita. Vikapita tena.

Haikufika nusu saa, Sella akatoka kwa lango lilelile.

"Umeshuka saa ngapi?"

"Sikupanda."

"Uliogopa?"

"Niogope nini katika umri huu? Nilipanga laini hadi mbele. Yule kijana wa mashine akanionyesha kibao. Wenye miaka sitini na mitano na zaidi hawapandi. Akasema ni mambo ya bima, tusije tukafia juu. Nikamwuliza, sasa mnatuitia nini? Akasema, kuna benchi, shosho, unaweza kukaa uangalie wengine. Wazee wengine walikuwa wamekaa hapo. Wanaangalia."

Hivyo ndivyo ukarimu wa watu hawa ulivyopimwa: mlango ulifunguliwa kwa bei ya huruma kwa wale tu waliokatazwa kilichokuwa ndani. Na Nalianya, kijana wa karatasi, ndiye aliyeruhusiwa kupanda, kama angekuwa na bei ya kuingia. Ubatili huo una wenyewe, nao watautolea hesabu. Lakini aliyemkana bakoki wake kwa ajili ya ubatili huo hakuwa mwenye bustani.

Walikaa juu ya ukuta mfupi wa kituo cha magari ili Sella apumzishe magoti. Kutoka pale sehemu ya juu ya gurudumu ilionekana.

"Niambie basi wewe," Sella alisema. "Ukiwa kule juu kabisa, unaona nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa zuri: mabati ya Kibera yakimetameta kama ziwa, reli, Mashimoni, labda hata mlango wao. Nalianya alilishika kwa ulimi. Akalimeza. Kwa siku hiyo alikuwa amesema ya uongo ya kutosha.

"Sijui, Mama Isaac."

"Hujui? Miaka kumi na tisa?"

"Nilikuwa naangalia nati."

Sella alimtazama, kisha akalitazama gurudumu, kisha akaushika ukuta na kuinuka. "Hata mara moja, kwa ajili yangu," alisema, akatangulia kuvuka barabara bila kumngoja.