Nyar Sindo Si Jina

Sikiliza, ndugu msomaji, maana leo nina hasira na ningependa uelewe sababu yake. Jumamosi tulimzika mfinyanzi mmoja wa Migori, ambaye mitungi yake imepoza maji nyumbani kwangu miaka mingi. Alizaliwa Sindo, kule ziwani, akaolewa huku. Kwa desturi ya Waluo, mke huitwa kwa alikotoka, hivyo sokoni alikuwa Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, kama wenzake wote waliotoka huko. Ni wito wa heshima. Si jina.

Mwaka jana nilimsindikiza Nairobi kuuona mtungi wake katika makumbusho ya sanaa, jumba lile la zege tupu ambalo watu husafiri kuja kulipiga picha. Alisimama mlangoni akaniuliza, “Hawa walihamia kabla ya plasta?” Tukaingia tukicheka. Mtungi ulikuwa umemulikwa vizuri, na kando yake kibao: Nyar Sindo, mfinyanzi. Kicheko kikamwisha.

“Hili si jina langu,” akamwambia msimamizi.

“Lakini mama, aliyetuuzia alisema soko zima linakuita hivyo.”

“Na wewe mama yako unamuita Mama. Siku ukimzika utaandika Mama kwa msalaba?”

Akamtajia majina yake yote, polepole. Yule bwana akaahidi kurekebisha. Tangu hapo, kila nilipopita sokoni aliniuliza, “Wamebadilisha?” Nilipopiga simu niliambiwa vibao vilibuniwa vyote pamoja ili vipatane na jengo, kimoja hakiwezi kubadilishwa peke yake. Na jina la aliyelichora jengo hilo limechongwa ukutani kwa herufi za shaba! Nikamwambia yule mfinyanzi nitaliandika jina lake gazetini. Akakataa. “Waandike wao kwanza. Mimi sijapotea, nitafutwe na gazeti.” Ndiyo maana hulioni hapa.

Kaburini ikasomwa rambirambi kutoka makumbusho: wanaomboleza msanii wao, Nyar Sindo. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami, wa huko huko Sindo, akasema, “Mimi bado niko hai.” Watu wakacheka. Mume wa marehemu aliinama akatazama viatu vyake.

Tunapenda kazi ya mikono ya watu hawa kuliko tunavyowapenda wenyewe, na tunaita hiyo sanaa. Wewe usifanye hivyo. Ukinunua mtungi, mkeka au kikapu, muulize aliyekitengeneza jina lililo kwenye kitambulisho chake. Liandike, kisha msomee akusahihishe kabla hujaondoka.